Mkungu Uliorudi

Mdogo wangu Gladys,

Ng'ombe amezaa ndama jike, na kahawa imechanua. Mimi nasogea hivyo hivyo.

Jumapili nilipeleka mkungu wa ndizi kwenye mnada wa sadaka kanisani. Mzee Ebenezeri akaununua, kisha akauweka miguuni pangu. "Mama Praygod, upikiwe mtori wa ndizi hizi, upate nguvu." Washarika wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe saratani yangu wanaijua wote, nami nilijitanda kitenge kifuani nikidhani nimeficha! Mimi niliyezoea kuwanunulia wagonjwa vitu mnadani!

Nilipofika nyumbani maneno yangu yote ya maombi yalinipotea. Nikasema tu, "Bwana, sina kitu." Nadhani hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza.

Ulipotaka kuja kuniuguza nilikukatalia. Njoo, mdogo wangu.

Dada yako,
Aikaeli