Mlingoti Uliotuwekea Juu ya Bati

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge.
16 Machi 2003

Mpendwa kaka yangu Hakimu,

Assalam aleikum. Hujambo wewe, wifi na watoto? Baridi ya Canada imepungua, au bado mnalala na makoti? Sisi huku tuko hai. Mama kifua kinambana asubuhi lakini uji anakunywa, na magoti yake ni yale yale unayoyajua. Mawese mwaka huu ni mengi, samaki wadogo.

Salamu zimetosha. Kaka, nimekukasirikia. Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo nikuandikie vizuri, ikakataa kupoa, basi nakuandikia nayo.

Ulipotuma habari kwamba unataka simu ya nyumbani, Mama asikie sauti yako kabla Mungu hajamwita, kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Nilimwendea Roger, yule wakala wa kampuni ya simu aliyetoka Bujumbura akafungua kibanda karibu na soko. Alinianza kwa maneno makubwa: waya, antena, internet, mkataba wa miaka miwili. Unanijua. Kila asubuhi napatana bei ya mawese na watu wa Muhuta, na wale si watu wa kuchezewa. Nilimwacha Roger aseme mpaka akakauka koo.

Waya niliukataa, kwa sababu nguzo za barabara ya Bujumbura zikisimamishwa leo kesho zimekatwa. Antena niliikataa pia. Kwetu bondeni mtandao haushiki, lakini dukani kwa shangazi Esha, kule juu ya soko, unashika bila shida. Basi tukapatana hivi: simu ndogo ya mkononi, ikae kwa shangazi, mkataba hakuna, vocha tunanunua tukipata. Jumapili Mama anapanda baiskeli ya taksi mpaka dukani, anakaa kwenye kiti cha shangazi, anakungoja upige. Gharama ya kuunganishwa Roger aliifuta, akaongeza na betri ya gari ya kuchajia umeme ukikatika. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Halafu wewe ukampigia Roger. Hukunitafuta mimi. Ulimwambia dada yako haelewi mambo ya teknolojia, ampe kifurushi kikubwa cha simu na internet, mlipaji ni wewe. Roger alinisimulia yote hayo huku anacheka, na mapatano yangu akayatupa pale pale mbele yangu. Mkataba ukaandikwa kwa jina lako. Niliona aibu, Hakimu. Mbele ya watu wa soko niliona aibu.

Watu wake wakaja na mlingoti wa chuma, wakaufunga juu ya bati letu. Nilisimama uani nikiwakataza, wakaniambia mwenye simu amesharuhusu. Ni mrefu, kaka. Unaonekana kutoka barabarani, unaonekana kutoka ziwani, na unaonekana kutoka milimani. Wewe uliondoka kabla ya vita, Rumonge unayoikumbuka ni ya harusi na mpira. Siku hizi mtu akiona chuma kirefu juu ya nyumba anajiuliza swali moja tu, hao wanaongea na nani?

Sitakuficha, simu ilifanya kazi. Mama alikusikia, akalia, akaibusu ile simu mpaka ikalowa. Siku hiyo nilikaribia kukusamehe. Kompyuta uliyotuma iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Umeme unakuja, kompyuta inaanza kuamka, umeme unaondoka. Hiyo ndiyo internet yako.

Wiki iliyofuata wakaja askari. Mkubwa wao alisimama uani, akanyoosha kidole juu.

"Weye mama, hii chuma iko ya nini?"

Nikamwambia ni ya kuongea na kaka yangu aliye Canada.

"Canada iko ku musozi gani?"

Wenzake wakacheka, eti Canada ni mlima wa huku. Mimi sikucheka, kwa sababu tayari walikuwa wamemshika Abdul. Mume wangu, kaka, ambaye hata kubonyeza namba kwenye simu hajui, walimchukua wakidai ana phonie, redio ya kuwasiliana na waasi. Mama aliwafuata mpaka njiani kwa magoti yale, anawaitia jina lako, kana kwamba jina lako lingewazuia. Abdul alirudi kesho yake. Mkono wake wa kulia umevimba, vidole havikunji, na useremala wake unaujua unahitaji mkono gani. Hasemi walimfanya nini. Anakaa mlangoni tu, akisikia gari anasimama.

Nilidhani yameisha. Juzi yule mama wa Bugarama anayetuletea mihogo aliniinamia kama anataka kunipunguzia bei.

"Bale ba kule juu banasema simu yenu inashika muzuri. Banaomba mubakaribishe."

Nielewe hapo, kaka. Nikiwakaribisha waasi wa mlimani, askari watatuchoma. Nikiwakatalia, wa mlimani watatuchoma. Majirani wameshaelewa, hata Sabine wa ukuta mmoja na sisi hapiti tena kuomba moto.

Nilimwendea Roger nikamwambia aje aondoe chuma chake. Akasema hawezi, mkataba ni wako na una miaka miwili, na mimi si mteja. Mimi ninayelala chini yake si mteja! Nikamwomba akupigie, akasema anasubiri wewe umpigie. Nilimtukana, sitakuandikia nilivyomtukana.

Nilimwambia Mama nataka kukiondoa mwenyewe. Nilijua atakataa, maana kukusikia ndiyo furaha pekee iliyomfikia tangu baba afariki. Alisema sauti ya Hakimu anayo kichwani, lakini Abdul mwingine hana. Kisha akageukia ukutani. Hilo sikusamehe, kwamba ulimfanya mama yako achague.

Shangazi Esha anakusalimu, anasema duka lake liko pale pale, na mapatano yangu ya kwanza yanaweza kufufuka siku utakayomwambia Roger ukweli kuhusu nani anaelewa. Abdul anakusalimu, hana kinyongo nawe. Kinyongo ninacho mimi kwa niaba yake. Wasalimie wifi na watoto. Kwa simu sithubutu kukueleza haya, sijui nani anasikiliza, basi barua hii anaibeba Alimasi kuitia posta, akipata nafasi kwenye msafara wa magari ya Bujumbura.

Kesho asubuhi napanda kwenye bati mwenyewe, na koleo la Abdul, maana mkono wake hauwezi. Chuma chote nitakifungua nikiangushe, na simu nitaizima. Najua Jumapili utapiga kama kawaida, na barua hii itakuwa haijafika. Utapiga mara ya kwanza, utapiga tena, na utafikiri yale ambayo kila mtu aliye mbali na hapa anayafikiria akipiga simu kwao asipojibiwa. Nalia nikiwaza siku utakazokaa hivyo. Ukiisoma hii, nyamaza kulia. Hatujafa. Nimeizima simu ili tusife.

Mungu akulinde na akurudishe kwetu kwa miguu yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,
Nafisa