Kitanda ya Mama mu Combi

Kamina-Base, 9 février 1974

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Unaamuka namna gani kule Kabongo? Magoti ingali inauma? Tata iko muzima? Siye huku tuko bazima. Bwana yangu Bokungu anakusalimia kwa mbali, sawa mukwe mwenye heshima.

Habari njo hii: niko na mimba. Mutoto atakuja juillet, Mungu akipenda. Mama, mwaka jana wakati mimba ilitoka, nililia peke yangu mu chumba, na weye hukuweza kuja, juu mama hapana kulala chini ya bati ya mukwe. Buko ni buko, mama na mukwe hapana kukaribiana, sikatai. Lakini sikiliza. Madame Mathilde, ule mwalimu muzungu nilikuwa namushonea nguo, alirudia kwabo, akaniachia gari yake ya zamani, Combi. Ndani kuko kitanda, meza ya kukunja na rideaux ku madirisha. Ni nyumba, mama, na ni yangu, haiko ya Bokungu. Si utalala mule?

Injini haiwake. Kwa sasa panya njo benye nyumba. Nitaitengeneza.

Mutoto yako,
Albertine

Kabongo, 2 mars 1974

Mwana yangu,

Jambo. Tata anaandika, minyi nasema. Magoti, usiulize. Barua yako ilinichekesha na kuniliza machozi pamoja. Ile mimba Mungu aitunze.

Tata anasema muntu hapana kulala mu gari sawa kuku anaenda soko mu kitunga. Basi nilienda kwa shangazi yako Phébé, mwenye kujua mambo ya buko. Alifikiri sana, akasema: gari yenye haitembee ni chumba ya mukwe, hata ikiwa na pneus, magurudumu yake. Yenye kutembea haiko nyumba ya muntu, unaweza kulala. Tena Bokungu asiiguse. Mikono yake ikiitengeneza, ni nyumba yake.

Sasa weye, mwenye kuharibu hata taa ya pétrole, utatengeneza injini? Jaribu. Lakini usibebe bitu ya uzito.

Mama yako,
Émerence

Kamina-Base, 21 avril 1974

Mama yangu,

Jambo, jambo tena. Magoti inasema nini? Minyi niko muzima, tumbo inakua, ila harufu ya essence ya gari njo inanitapisha.

Siku ya kwanza nilitafuta pa kumimina maji mu injini. Nililala chini ya gari, nikafungua huku, nikafungua kule. Valérie, jirani yetu, alisimama na ndoo ananingojea. Bokungu alikaa ku kiti, mikono mugongo vile ulisema, anauma midomo. Yeye anajua ba camions ya jeshi, mama, ilimuuma kweli! Mwisho alishindwa: «Albertine, ile injini hainywe maji! Inapoa na upepo!» Camp nzima ilicheka. Minyi pia.

Chini kutu ilikula, muguu yangu ilipita ikagusa udongo. Tulikata bati ya fût, ile pipa ya mafuta, tukaifunga na boulons. Carburateur niliifungua yote juu ya kitambaa, nikaisafisha, nikairudisha. Vis moja, ile musumari ya kuzungusha, ikabakia mu mukono. Nikafungua tena, nalia.

Kisha siku moja ikawaka! Moshi ilifunika nyumba ya bantu. Nikaenda mpaka ku kona, na pale nikajua breki hapana. Niliingia mu shamba ya manioc ya Valérie. Anasema nitalima mwenyewe. Sasa breki iko. Démarreur, yenye kuwasha injini, njo ilikufa kabisa, inaomba kusukumwa. Lakini inatembea, mama, na Bokungu hakuigusa hata na kidole.

Kuja.

Albertine yako

Kabongo, 30 mai 1974

Mwana yangu,

Jambo. Phébé amekubali. Tata amekubali, anasema tu nisifunge mulango ya ile kitu, nitakosa hewa. Nitapanda train kisha ya Pentekoste. Bokungu asikuje ku gare, yeye na minyi hapana kuangaliana. Kuja weye mwenyewe na ile gari, niione inatembea.

Mama yako

Kabongo, 11 septembre 1974

Mukwe yangu Bokungu,

Jambo. Unashangaa, najua: ni mara ya kwanza minyi nakutumia barua. Nilifika muzuri. Albertine iko namna gani? Mutoto anashiba? Mu ile Combi nililala muzuri kuliko ku kitanda yangu, muambie.

Huku bantu banataka habari moja tu, na minyi sichoke kuisema. Asubuhi ile uchungu ilimushika Albertine. Gari ya hôpital ilikuwa imeenda mbali, Valérie iko ku soko. Albertine akapanda mbele, akashika volant, juu yeye peke yake alijua kukanyaga ile embrayage. Akapiga kelele: «Sukumeni!» Tulikuwa weye na minyi tu. Weye ukasimama kule, unaangalia chini, unaogopa kunisogelea. Nikaona mutoto yangu anauma rideau. Njo nikakushika mukono, nikasema: «Sukuma, baba! Haya ya buko tutaiona kesho!»

Tukasukuma bega kwa bega. Ikawaka. Na yeye hakusimama, aliogopa itazima! Tukakimbia nyuma yake, ukaruka, ukanivuta ndani sawa gunia ya muhindi. Uchungu ikikuja, anapunguza mwendo, anapumua, anaendelea. Ku maternité alizima injini mwenyewe, akashuka na miguu yake. Jua ilikuwa haijafika katikati, tukasikia mutoto analia.

Nilimuambia Phébé yote, hata gunia. Kisha akasema mukwe atume kuku mbili, tukule, ile mambo ya kukimbiana ikwishe. Tata akamutumia Albertine habari, na kuku zako zilifika jana. Tata alikula shingo zote mbili.

Wafwako, aksanti sana, mwana yangu. Noeli kuja na muke yako na mutoto. Nimekutayarishia chumba ya upande wa jikoni, yenye kupata jua. Nataka nikuone uso muzuri, juu siku ile niliona bega tu.

Mama yako,
Émerence