Kifumbu cha Kornelio

Temeke, 12 Agosti 1984

Kaka Kornelio, shikamoo.

Barua yako imefika, nimemsomea mama yote. Nikamwonyesha mchoro wa kile kimrija cha waya uliofumwa: kinaingia kwenye mshipa wa damu kikiwa chembamba, kikifika palipoziba kinatanuka na kuushikilia usizibe tena. Na kwamba mmeshamwekea mbwa mmoja. Mama akacheka hadi mbavu zikamuuma. "Mwanangu kaenda Ujerumani kufuma kifumbu."

Akachukua kifumbu chake cha kuchujia tui, akawaonyesha majirani: ukikivuta kinakuwa chembamba, ukikisukuma kinatanuka. Sasa foleni nzima ya sukari pale duka la ushirika inajua kazi yako, na Mama Jamali anakuagiza kikubwa cha kupikia harusi.

Mama siku hizi anasifiwa mtaani kwa salamu. Akienda dukani anasimama kila nyumba, anauliza hali ya watoto, ya kuku, hata ya bata. Nilidhani ni upole wa uzee. Kumbe mguu unambana, anapumzika. Daktari anasema mshipa wa pajani umeziba, na wameanza kuzungumzia kuukata mguu. Mama amenikataza nisikuandikie, eti utaacha kazi urudi. Basi sijakuandikia, nimekupa habari za bata tu.

Ila jana, akipepeta mchele wala hanitazami, alisema nikuulize jambo moja.

Yule mbwa, siku hizi anatembea?

Mdogo wako,
Sesilia