Chini ya Ndoo

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Isansa hatujambo. Goti la babu yako limetulia, na ng'ombe wetu amezaa jike. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ufanyeje ili hao uliopewa kuwaongoza ofisini wakuamini.

Nilipokuwa msichana, kikundi chetu cha kahawa kilinichagua niwe mkaguzi kwenye mashine ya kumenya. Kahawa mbichi ikichanganyika na mbivu inaharibu ya wote, basi nilikuwa mkali kweli. Watu wakazoea kupanga mbivu nyekundu juu ya ndoo na kuficha mbichi chini, nami nikazidi kupekua.

Siku moja nilichuma harakaharaka nikiwahi mazoezi ya kwaya. Nilipofika kwenye mashine nikaona ndoo yangu imejaa mbichi. Nani angenikagua mimi? Lakini nikaimwaga kwenye turubai mbele ya watu wote.

"Leo na mimi nimekosea," nikasema, nikaketi kuchambua.

Nilingoja wanicheke. Mama Subi, niliyekuwa nimemrudisha na kahawa yake juzi tu, akaja akaketi karibu yangu, akaanza kuchambua nami.

Tangu hapo watu walinifuata wenyewe: "Dada, zangu leo si nzuri, nisaidie."

Mambo ya ofisi siyajui, mama. Ninachokumbuka ni kwamba waliponiogopa walinisalimia vizuri sana, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha chini ya ndoo yake.

Bibi yako, niliyekuwekea kahawa ya kwanza ya msimu huu.