Anayemwogesha Baba

Bwenini, 6 Oktoba

Mkwe wangu,

Hujambo mama? Mzee anaendeleaje? Na fundi wetu wa kuchomelea vyuma, macho yake yamepona? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika. Darasa liko ghorofa ya tatu, na waliolijenga hawakumfikiria mwalimu wa miaka hamsini na mbili aliyekuja kusomea mambo ya jinsia na usawa pamoja na watoto wa rika la wanafunzi wake. Wananiita Bibi Mstari wa Mbele, maana nikikaa nyuma sisikii.

Sasa nikupe habari. Jana kwenye semina tulijadili nani hubeba kazi ya kuuguza nyumbani. Vijana wa kiume wakaja juu, eti mwanamume hawezi, hakuumbiwa. Nikasimama. Nikawaambia mwanangu wa kumzaa humwogesha baba yake mwenye kiharusi kila asubuhi kabla ya kwenda karakana. Darasa zima likapiga makofi! Mhadhiri amenitaka mwezi ujao nitoe mada juu ya nyumba yetu, na idara nyingine zitaalikwa. Kichwa kimevimba, nisikufiche. Mwambie mumeo amenipa sifa.

Niandikie vile vitu vidogo vidogo: anampashia maji saa ngapi, wanaongea nini. Nataka mada iwe na nyama.

Mama yako


Nyumbani, 19 Oktoba

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo. Macho ya mume wangu yamepona. Wateja wangu wa kusuka wamepungua kidogo, kwa kuwa siku hizi nafungua mchana.

Hayo ya maji nitakuandikia siku nyingine. Soma kwa bidii, mama, usituwaze.

Mkweo


Bwenini, 27 Oktoba

Mkwe wangu,

Salamu zako zimefika, lakini barua ni fupi kama mkia wa mbuzi. Mimi niko salama, mada ni tarehe kumi na nne na sijaandika hata nusu. Kwa nini unafungua mchana? Asubuhi ndiyo saa ya wateja, wewe mwenyewe uliniambia. Na mzee mbona hukumtaja? Nijibu bila kuzunguka.

Mama yako


Nyumbani, 4 Novemba

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe umeuliza, basi. Mwanao hajamwogesha baba hata siku moja. Ulipoondoka tu alisema vumbi la chuma limemganda mwilini, atamwambukiza mgonjwa. Baadaye akasema wenzake karakana watamcheka. Kisha akaacha kutoa sababu, akawa anatoka alfajiri. Anayemwogesha ni mimi.

Mama, mimi ni mkwe. Mbele ya baba yule nilikuwa hata kucheka kwa sauti naona haya. Sasa namvua nguo. Nafunga pazia, nageuza uso, naosha kwa kupapasa. Naye anageukia ukutani na kusema, "Nisamehe, mwanangu." Namjibu, "Hakuna neno, baba," kisha hatutazamani mpaka jioni. Juzi alikataa chakula. Nilipombembeleza akasema asipokula hatajichafua.

Sikutaka kukuambia kwa sababu najua utafunga virago. Tafadhali usirudi. Ukirudi, watasema kazi imerudi kwa mwenyewe.

Mkweo


Bwenini, 15 Novemba

Mwanangu,

Sina uso wa kukuuliza hujambo, lakini hujambo? Tangu nilipoisoma barua yako natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimejiuliza kama kweli sikujua. Siku naondoka nilimwambia mwanangu, "Baba yako ni juu yako." Halafu nikakushika mkono wewe, nikakuonyesha sabuni ilipo, taulo zilipo, na namna ya kumgeuza ubavu asiumie. Yeye sikumwonyesha chochote. Mwalimu mzima! Nilijua nani ataogesha, nikataka tu nisikike nimemwambia mwingine. Na huyo nimemlea mimi. Dada zake walimfulia soksi mpaka akaota ndevu, na aliyekuwa akiwaita waje wafue ni mimi. Nyani haoni kundule.

Jana nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Nilikuwa na mada yangu tamu mkononi, na hakuna ambaye angejua. Nikaiweka chini. Nikasema anayemwogesha mume wangu ni mke wa mwanangu, na kwamba mimi ndiye niliyempangia. Hakuna aliyepiga makofi. Mhadhiri alinisogezea maji ya kunywa. Nilishuka zile ngazi nikilia, na wanafunzi wakinipisha kama msiba unapita.

Sirudi, kama ulivyosema. Lakini nawe usimwogeshe tena. Nenda kwa dada yako, usimwachie mumeo maelekezo yoyote. Ila kwanza msomee mzee barua hii, kwa sababu tukikosea ni yeye atakayekaa mchafu. Akisema hapana, nitafunga vitabu nije.

Mama yako, mwenye haya


Kwa dada, 2 Desemba

Shikamoo Mama,

Huku hatujambo, dada anakusalimu sana. Nilimsomea baba barua yako. Alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo, akasema, "Nenda, mwanangu. Huyo niachie mimi, sina haraka ya kwenda popote."

Mume wangu alikuja siku ileile kunichukua. Dada alimpa chai, mimi sikutoka chumbani. Kesho yake akamtuma jirani. Halafu kimya. Nililia sana, mama, nikijua baba yuko katika hali gani. Mara mbili nilishika mkoba nirudi, na mara mbili dada akaninyang'anya.

Jana jioni mume wangu alibisha hodi. Amelowa mpaka kifuani, ananuka sabuni. Nilidhani baba ametutoka. Akakaa kwenye kizingiti bila kunitazama. Akasema hakujua baba amekonda hivyo, amekuwa mwepesi. Akasema walilia wote wawili mpaka maji yakapoa, ikabidi apashe mengine. Nilimletea chakula, hakukigusa.

Halafu akaniuliza, "Kila siku?"

Nikamjibu, "Kila siku."

Akafunika uso kwa mikono. Nilimwacha akae hivyo. Sijarudi bado.

Mkweo