Paja Juani

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Kibondo, wodini. Daktari Makarius kasema mguu ukatwe. Eti wadudu wa kidonda wameshazoea sindano zote. Nimemwambia hakatwi mtu hapa! Mguu huu ndio unaokanyaga cherehani yangu. Nikiukosa nitashona kwa pua?

Kacheka, kisha kaacha kucheka. Ipo dawa ya majaribio, kasema, rangi ya bluu. Inapakwa, inawaingia wadudu, inalala. Mwanga ukiipiga ndipo inaamka na kuwaua. Pasipo mwanga ni rangi tu. Kanipa wiki. Usaha usipopungua, Jumatatu ijayo kisu.

Jumanne, 5 Agosti
Taa ya dawa imewaka kidogo tu — jenereta ikazima. Dizeli hakuna. Makarius kanirudisha nyumbani Murungu na kichupa kilichofungwa karatasi nyeusi. Nijipake, adhuhuri nikae juani, kidonda wazi. Sawa. Jua halinywi dizeli!

Ijumaa, 8 Agosti
Nina hasira, na nimejikasirikia mwenyewe. Kidonda kiko juu ya goti. Juzi natoka uani, mama mkwe kapiga yowe: paja nje, na baba mkwe wako anapita hapa! Kanifunika kitenge. Nami, mkwe mwema, nikakiacha. Juzi, jana — kumbe kitenge ndicho kilichokuwa kinaota jua! Leo nimefunua: usaha uleule. Heshima gani hii ya kuniachia magongo? Nimemwambia mume wangu Anania. Kakuna kidevu, kaenda shamba.

Sijamsubiri. Nimejipaka upya, nimekaa wazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Wazi tena. Majirani wamechungulia. Watazame mpaka wachoke.

Jumapili, 10 Agosti
Usaha umepungua! Harufu bado ipo, lakini umepungua, nimeuona kwa macho yangu.

Baba mkwe katokea nikiwa hapa uani. Kakohoa, kageuza uso, kazungukia migombani. Basi! Hakuna aliyekufa.

Mama mkwe ndiye kaja na mwavuli, anikinge nao. Oya, mama, nimemwambia, kesho Makarius ananisubiri na kisu. Kasema tangu azaliwe hajaona mkwe wa namna hii. Hataona mwingine! Nimemnyang'anya mwavuli, nimeukalia. Namwogopa, lakini siinuki.

Sasa kasimama mbele yangu. Kivuli chake kimeangukia kidonda. Nimesogea, mwavuli chini yangu.

Naye kasogea.