Taa ya Pili, Mlango wa Tatu

Iringa, Alhamisi, Julai 1975

Baridi ya leo haina adabu. Nimepokea simu kutwa nzima nikiwa nimejitanda vitenge viwili na bado vidole vilikuwa vizito. Moyo nao hautulii, maana kesho Mzee Mgaya anafukuzwa kazi, nami naona kuna mchezo.

Mimi ni mtu wa kushuku, najijua. Mume wangu hunicheka, husema hata chumvi naionja mara mbili. Yeye yuko Mbeya, kazi za reli, hayaoni ninayoyaona katika ghala hili la tumbaku.

Sanduku la kengele ya moto limetundikwa ukutani, juu ya mashine yangu ya simu. Lilipofungwa, fundi alinifundisha mimi kwa kuwa ndimi nikaaye hapa. Vyumba vinne vya ghala, taa nne nyekundu. Darini kila chumba kina kidude kinachonusa moshi. Kikinusa, kengele inalia na taa ya chumba hicho inawaka. Kengele unaweza kuinyamazisha kwa swichi, lakini taa haizimiki mpaka moshi uishe na ubonyeze kitufe cha chini. Ipo na taa ya njano, hiyo ikiwaka ujue waya umekatika mahali. Haijawaka hata siku moja, kwa hiyo sanduku ni zima.

Wiki hii kengele imelia asubuhi mara kadhaa, na kila mara ni taa ya pili. Watu wanakimbilia mlango wenye namba mbili. Hamna moto, hamna moshi. Kuna marobota ya tumbaku na blanketi la Mzee Mgaya, mlinzi wetu wa usiku, ambaye hulikunja humo akimaliza zamu.

Basi Meneja kaamua: mzee anavuta sigara ndani. Mzee kakana, hakusikilizwa.

Hata mimi nilimshuku. Jana alipopita kunisalimu, "Kamwene, mwanangu," nilimnusa koti. Linanuka tumbaku. Halafu nikanusa kitenge changu. Sote tunanuka tumbaku hapa.

Leo kengele ilipolia sikuondoka. Nilibaki nalitazama sanduku, nikakumbuka kwamba namba za milango ni mpya. Kabla ya Saba Saba ghala zima lilipakwa chokaa, namba za zamani zikafunikwa, na fundi rangi akaziandika upya akianzia getini. Fundi wa kengele alikuwa amehesabu akianzia huku ofisini, mwisho wa pili wa ghala.

Maana yake taa ya pili ni mlango wa tatu.

Chumba hicho ni cha magunia na kamba, na ufunguo wake anao mtu mmoja: Shemeji Salumu, mtunza stoo, kaka mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyeniombea kazi. Nilikwenda huko, nikamkuta anamwagia maji jiko la mkaa, macho mekundu kwa moshi.

"Shemeji, baridi itaniua," akasema. Kisha akashusha sauti. "Sirudii tena. Tuyamalize hapa hapa, kindugu."

Nikamjibu sawa. Nilifurahi, hata. Jiko halitarudi, kengele haitalia, na wakwe zangu hawataaibika.

Nimefika nyumbani, namenya viazi, ndipo iliponijia. Mzee akiondoka kesho na jiko lisirudi, kengele itanyamaza. Wote watasema, mnaona, alikuwa yeye. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Na siku ukiwaka moto wa kweli, tutakimbilia mlango mwingine na ndoo zetu za mchanga.

Sasa najiuliza: Shemeji alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo aliponiambia tuyamalize? Alinitazama sana usoni. Namshuku, na inaniuma kumshuku, maana wanangu wanamwita baba mkubwa na wanampenda.

Kesho, kabla Mzee hajaitwa ofisini, nitamwomba Meneja aagize mlango wa tatu ufunguliwe, kisha asimame mbele ya sanduku. Mimi nitaingia mlango wa tatu na kipande cha gunia kinachofuka moshi. Aone kwa macho yake ni taa gani inayowaka, kisha nitamwambia jiko lilikuwa la nani.

Shemeji atanuna. Na anune.